Madirisha Mawili

Saa tisa mchana, Guovdageaidnu,
na giza limeshakomaa nje ya jiko la Gáddjá.
Kishikwambi kimeegemea birika la kahawa.
Anatafuta neno moja tu, la kumwita mama mdogo.

Kinorwei kingempa neno la haraka,
pana kama blanketi la hoteli,
linalofunika shangazi na mama mdogo na mke wa mjomba
bila kuuliza nani ni nani.
Hataki blanketi.
Anataka muoŧŧá:
t mbili, kila moja na mshipi wake kiunoni.
Litamke ulimi ukiwa kati ya meno,
kama mtu aliyeanza kusema thelathini
akaghairi.

Anabonyeza t. Inatoka t, haina mshipi.
Anabonyeza kwa nguvu. Nyingine, vilevile.

“Usigonge, áhkku,” mjukuu alimwambia kabla ya kurudi chuoni,
“kandamiza, halafu ngoja.”

Anakandamiza.
Kidole kimekaushwa na kamba na baridi,
kioo hakikitambui mpaka akipulizie pumzi.
Ndipo juu ya t inainuka safu fupi ya herufi,
vichwa juu, makinda ya kwale yanayosikia hatua.
Mgeni mmoja wa Iceland, mwenye tumbo.
Mwingine hamjui kabisa.
Mwenye mshipi hayumo.

Miaka ishirini na tisa alipiga taipu ofisi ya manispaa,
kwenye mashine iliyotoka kusini
ikiwa na kila kitu cha watu wa kusini.
Alipiga d, akaruka. Alipiga n, akaruka.
Jioni, wenzake wakivaa makoti,
alishika kalamu akarudi ukurasa kwa ukurasa
kukata d mkato wake, kuivuta n mkia wake.
Barua za mipaka ya malisho, barua za maji,
cheti cha mtoto ambaye jina lake bila mkato
lingekuwa jina la mtu mwingine.
Ijumaa kidole chake cha kati kilikuwa cheusi
na mkuu wa ofisi alilalamika kuhusu madoa.

Sasa, pembeni mwa kitufe cha nafasi,
kuna tufe dogo, dunia ya ukubwa wa dengu.
Analigusa kwa kukosea.
Kibodi inapepesa.

Na hizo hapo, zimejipanga ukingoni
kama watoto waliofika shule wamechelewa:
č, š, ž,
đ, ambayo ni dh ya dhahabu,
ŋ, ambayo ni ng' ya ng'ombe,
ingawa huku inakaa ndani ya jiekŋa, barafu,
na ŧ.

Hapigi kelele. Anajimiminia kahawa kwanza.

Kisha: Muoŧŧá, theluji imefika kizingiti cha dirisha.
Unakula? Gáddjá.
Anaisoma mara tatu. Hakuna pa kukata kwa kalamu.
Anatuma.

Romsa, wodi ya ghorofa ya nne,
Márjá ana miaka tisini na moja
na simu iliyomzidi uzee.
Jibu linachukua nusu saa:

Nimepata muo□□á.
Mbona umenitumia madirisha mawili?
Nimechungulia yote, hamna mtu ndani.
Nakula. Samaki wao hawana chumvi.

Gáddjá anacheka hadi kahawa inamwagikia meza,
anaifuta kwa mkono wa sweta,
anacheka tena, halafu hacheki.

Kalamu iko kwenye droo, pamoja na uzi na betri.
Anaitoa, anaitazama, anairudisha.
Anakilaza kishikwambi kifudifudi.
Anachukua simu ya ukutani, ile ya waya,
anazungusha namba kwa kidole ambacho siku hizi ni cheupe.

Inaita.
Inaita.
Ulimi wake umeshatangulia,
upo kati ya meno,
unangoja.